Mvuke wa Wali wa Bi Tausi

"Mkono huo hausemi 'nitoeni'! Unasema 'niacheni'!"

"Niacheni? Mtu anayetaka kuachwa huwageukia watu? Mzee Mloka, macho yako uliyaacha relini siku ile ile uliyostaafu."

Korido ya chini ya Ghorofa la Katani ilikuwa imejaa, kama inavyojaa kila asubuhi watu wakingoja lifti, maana lifti ya jengo lile ilikuwa na tabia ya kujichagulia siku za kufanya kazi. Lakini asubuhi ile hakuna aliyekuwa na haraka nayo. Ugomvi wa Bi Sikudhani msusi na Mzee Mloka, dereva wa treni mstaafu, ulikuwa na faida kuliko lifti. Mama mmoja wa juu alitua kabisa ndoo yake ya nguo, akaikalia.

Wagomvi wawili walikuwa mbele ya mlango wa kioo wa Bi Tausi, kila mmoja amenyoosha kidole kwenye kioo kama vile kuna ramani.

Na nyuma ya kioo, sebuleni kwake mwenyewe, juu ya mkeka wake mwenyewe, Bi Tausi alikuwa amekaa na sahani ya wali mbele yake. Mwaka wa sita huo, amekaa vile vile. Mvuke uliotoka kwenye wali ulikuwa umesimama hewani kama uzi mweupe uliotundikwa. Siku alipofungiwa alikuwa ameinamia sahani. Sasa uso wake ulikuwa umegeuka mlangoni. Mkono wa kulia, uliokuwa ukielekea kwenye tonge, ulikuwa umeacha chakula na kupanda hadi usawa wa kifua, kiganja kimeangalia chini. Na tangu masika yaliyopita midomo ilikuwa imeanza kuachana.

Hakuwa maiti, hakuwa amelala. Hospitali waliita mahali pale Chumba cha Muda Mzito. Wapangaji wa Katani, ambao hawakuwa na subira na majina marefu, waliita chumba cha uji. Ukiuliza, watoto watakwambia: Bi Tausi yuko kwenye uji. Walimaanisha kwamba muda wa humo umekolezwa mpaka ukawa mzito, kiasi kwamba mwaka mzima wa koridoni, kule ndani ni kama kupepesa jicho. Ugonjwa wa damu uliokuja kumchukua nao ulinasia humo humo pamoja naye, wote wawili wakingoja dawa ambayo mpaka sasa haijapatikana popote.

"Basi piga kelele utakavyo," alisema Bi Sikudhani, akivuta khanga yake begani. "Ijumaa mlango unafunguliwa. Zamda ameomba, baraza la hospitali limekubali. Mwana ndiye mwenye mama, si wewe."

"Unafunguliwa aende wapi? Akitoka huyo, anatoka na ugonjwa wake. Mnamtoa aje afe."

"Afe amezungukwa na watu wake! Si kukaa humo kama samaki wa mapambo, mwaka wa sita anatuomba, na sisi tunapita na ndoo."

"Nani kakwambia anaomba?"

"Mtambo wao umeusoma uso wake. Umesema ana dhiki. Na mimi mtambo siuhitaji. Yule ni shoga yangu."

"Shoga yako!" Mzee Mloka aliwageukia watazamaji, mikono wazi, kama wakili aliyeletewa ushahidi mlangoni. "Jamani, si huyu huyu aliyetutangazia jengo zima kwamba Bi Tausi kamfanyia dharau? Kwamba alipiga hodi siku ya kufungiwa, mwenzake akamnyamazia? Sisi hodi hiyo tumeila asubuhi na jioni, tumeila na chai, tumeila kavu!"

Watu wakaangua kicheko. Aliyekalia ndoo nusura aanguke. Bi Sikudhani naye alicheka, ila kicheko hakikumfika machoni.

Hadithi ilikuwa ya kweli na alikuwa ameisimulia yeye mwenyewe kwa kinywa chake. Siku ile alikuwa anamsuka bibi harusi, na msusi hamwachi bibi harusi na kichwa nusu. Alipomaliza alishuka ngazi mbio, kitana kimechomekwa nywelani, akafika mlango mzito wa mtambo ukijifunga. Alipaza sauti: "Hodi, hodi, shoga!" Mlango ukakutana na fremu. Akasogea kwenye kioo, akamkuta Bi Tausi ameinamia sahani yake, hata kichwa hakuinua. Wameishi sakafu ya mmoja dari ya mwenzake tangu nywele zao nyeusi, wamekopeshana chumvi na siri, halafu mtu anaondoka duniani nusu bila kukwambia karibu!

"Dharau yake ni yangu mimi na yeye," alisema. "Akitoka nitamsema usoni, atacheka, yataisha. Ndiyo maana namtaka atoke."

Na hapo ndipo lilipokuwa jambo lenyewe, ingawa alilisema kama mzaha. Kutwa nyumba yake ilijaa vichwa vya kusukwa, na kila kichwa na habari zake. Lakini tangu Bi Tausi aingie kwenye uji, Bi Sikudhani hakuwa na mtu wa kumwanzia sentensi na yeye akaimalizia.

Lifti ikafika, ikafungua mlango, ikafunga, ikaondoka tupu.

*

Injinia Nakijwa alikuja siku ya pili yake kuutayarisha mtambo kwa ajili ya Ijumaa. Alikuwa msichana mrefu, mpole, mwenye kubeba vyombo vyake kwenye kikapu cha ukili kama anakwenda sokoni. Hakupewa nafasi ya kusimama. Katika korido ya Katani mtu hafanyi kazi wima na wenyeji wamekaa. Bi Sikudhani alitandika mkeka mbele ya kioo, akaleta birika na vitumbua, na Mzee Mloka, ambaye hakuna aliyemwita, alitokea na kikombe chake mkononi.

"Shikamoo, mama. Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Kunywa kwanza. Halafu nifungue macho, maana huyu mzee kanichosha. Humo ndani shoga yangu anafikiri, au akili nayo imeganda?"

"Haijaganda, mama," alisema Nakijwa. "Hakuna kilichoganda. Damu inatembea, mvuke unapanda, fikra zinakwenda. Vyote vinakwenda pamoja, kwa mwendo mmoja. Kwa hiyo hakuna kitu humo ndani kinachojijua kwamba kiko polepole."

"Hata yeye mwenyewe?"

"Yeye hasa. Ungeweza kumuuliza, angekwambia mlango umefungwa sasa hivi. Miaka sita yenu, kwake haijafika pumzi mbili."

Bi Sikudhani alimtazama shoga yake nyuma ya kioo. Pumzi mbili. Yeye katika pumzi hizo mbili alizika dada, akang'oa meno mawili, akanenepa.

"Nilimwambia huyu," Mzee Mloka alidakia, akichovya kitumbua kwenye chai. "Treni. Abiria kaweka kikombe mezani, kikombe kimetulia tuli. Mchunga ng'ombe kando ya reli anaapa kikombe kinakimbia kuliko ndege. Nani mwongo?"

"Hakuna mwongo, mzee."

"Umesikia, bibie? Hakuna mwongo."

"Nyamaza na treni yako. Treni ikifika stesheni kila mtu anajua nani alikuwa safarini." Bi Sikudhani aliinamia upande wa Nakijwa. "Mimi nataka kitu kimoja. Muda wa kweli ni upi? Wetu sisi, au wake?"

Nakijwa alifikiri, na kwa kufikiri alikula kitumbua kizima.

"Shuleni watu wengi hudhani muda ni mto mmoja, sote tumo tunachukuliwa. Sivyo. Ni kama majiko, mama. Hapa kwako moto wa kuni, unawaka. Kule kwake tumefunika makaa kwa majivu. Chungu chako kimechemka, chake hata hakijapata joto. Huwezi kusema moto wa kweli ni huu, ule ni wa uongo. Kila chungu kinajua jiko lake tu."

"Na akili je? Mimi ninayesema 'mimi', na yeye anayesema 'mimi'?"

"Hilo jiko halisemi," alijibu Nakijwa, akatabasamu. "Tunajua kuukoleza muda. Lakini ile 'mimi' inatoka wapi, hata wakubwa zangu wakifika hapo huomba maji ya kunywa. Ninachoweza kukwambia ni kwamba yake haijakatika. Kuna mtu humo, mzima, katikati ya wazo moja, na hajalimaliza."

Mtambo ulikuwa ukivuma ukutani, sauti nyembamba ambayo wapangaji walikuwa wameshaacha kuisikia.

"Anatuona?"

"Hapana. Mwanga wa huku ukiachiwa uingie kule kama ulivyo, ungemuunguza, maana ni mwanga wa mwaka mzima ukimiminwa kwenye kope moja. Kioo kinaupoza, kinapitisha tone. Na hata kama kingepitisha wote, mnapita upesi mno. Tumekaa hapa mpaka birika limefika nusu. Kwake yeye hatujaacha hata kivuli."

"Na kusikia?"

"Sauti ni hivyo hivyo. Haimfikii."

"Ngoja. Mimi kila Jumapili nakuja hapa kumpa habari za mtaa."

"Hazijafika, mama."

"Hata ile ya mke wa mwenyekiti?"

"Hata hiyo."

"Toba! Na nilivyoisimulia vizuri." Alitikisa kichwa, halafu uso wake ukabadilika. "Na Zamda? Miaka sita anakuja, anaweka kiganja kwenye kioo, anamwita mama yake."

Nakijwa aliangalia kikombe. "Nimeshindwa kumwambia. Yeye huniambia, ona, kila mwaka anazidi kunigeukia."

Mzee Mloka aliacha kutafuna. "Sasa kama haoni na hasikii, anamgeukia nani?"

"Ndilo swali nililowauliza wenzangu. Mtu hugeuka kwa kitu alichosikia. Na baada ya mlango kufungwa hakuna kilichoingia. Basi ni kitu cha kabla, tena cha mwisho kabisa, mlango ukiwa unafunga. Lakini mtambo wetu ulianza kutazama mlango ukiwa umeshafungwa. Hatujui kilikuwa nini. Mtambo umeona nyusi zimepanda, kinywa kinafunguka, mkono umeacha chakula. Ukafanya hesabu zake, ukasema dhiki."

Bi Sikudhani alikuwa ameshika birika. Hakulitua wala hakumimina.

Mzee Mloka alimtazama. Miaka yote ya kujuana kwao, leo alikuwa na hoja mkononi ya kumlaza chali mbele ya jengo zima, na yeye ni mtu ambaye hakuwahi kuacha hoja ilale njaa. Akaangalia pembeni. Akajifuta mdomo.

"Chai nzuri leo, bibie," alisema, akachukua kikombe chake, akapanda ngazi kwa miguu.

Nakijwa, ambaye hakuona kitu, aliendelea kueleza. Sauti ya Bi Tausi walikuwa wanaikusanya ukutani punje kwa punje. Siku kinywa kitakapofunga wataweza kuiharakisha na kuisikia. Hakupenda kuisikiliza ikiwa nusu, maana nusu ya sauti kila mtu huijaza anachotaka. Na pembeni kulikuwa na mlango mdogo wa kati, wa kumwingiza mtu mmoja wa kumsindikiza mgonjwa bila muda wa ndani kuharibika. Sheria inaruhusu, ila katika vyumba vyote anavyovihudumia hakuna aliyewahi kuingia. "Ukiingia, mama, ukimeza tonge mbili tatu, huku nje wajukuu wako wameota mvi."

"Ee," alisema Bi Sikudhani. "Ee, mwanangu."

*

Mtu asiyemjua Bi Sikudhani hawezi kuelewa ilikuwaje siku zilizofuata. Huyu ni mtu ambaye habari ikimfika asubuhi, mchana imeshapanda mpaka ghorofa ya juu na kurudi imenenepa. Sasa alikuwa na habari kubwa kuliko zote, na akaikalia. Alisuka vichwa kimya. Wateja wakaulizana kama anaumwa.

Hesabu yake ilikuwa nyepesi, na wepesi wake ndio uliomtisha. Akinyamaza, Ijumaa mlango unafunguliwa. Bi Tausi anatoka na sahani yake mkononi, anamkuta shoga yake mlangoni, wanakaa. Miezi mitatu, labda minne, ya kuanziana na kumaliziana sentensi. Hakuna atakayejua, Mzee Mloka ameshaonyesha kwamba hatasema. Akisema, basi ile dhiki si dhiki, na hakuna aliyeomba kutoka, na Bi Tausi anabaki kwenye uji, na yeye Bi Sikudhani anabaki na kioo.

Halafu alijiuliza vingine. Alimfikiria shoga yake, mtu aliyekubali kuingia humo kwa akili zake timamu, akisema mwenye kungoja hula kilichoiva. Ameanza kuinua kichwa kumwitikia jirani. Kabla hajamaliza kuitikia, anavutwa nje kwenda kufa, kwa sababu watu walidhani anapiga yowe. Na pumzi mbili zilizopita alikuwa anakula.

Zamda alikuja Alhamisi mchana, mwanawe wa mwisho amemfunga mgongoni. Alitaka kusukwa.

"Usinisuke mtindo wa 'twende kilioni', mama mdogo. Nisuke nipendeze. Mama akitoka anione nimependeza."

Akamkabidhi mtoto kwa msichana aliyekuwa anangoja zamu, akakaa chini, akaegemeza kichwa kwenye goti la Bi Sikudhani. Kichwa kile Bi Sikudhani alikuwa akikisuka tangu kina upara wa mtoto. Alichora mstari wa kwanza kwa ncha ya kitana. Akachora wa pili. Akawaambia waliokuwepo wakamnunulie nyuzi, wote, na mtoto wamchukue.

"Zamda."

"Bee."

"Siku ile ya mlango, mimi nilipiga hodi."

Zamda alicheka. "Jengo zima linajua, mama mdogo."

"Nilipiga wakati mlango unafunga. Ndiyo iliyokuwa kitu cha mwisho kuingia." Vidole vyake vilikuwa vinasuka, havikusimama. "Hakuninyamazia. Anaitikia. Ndiyo kwanza anaitikia, mwanangu. Kichwa kile, mkono ule, ni wa mtu aliyesikia hodi yuko kwenye chakula. Ungekuwa wewe ungefanyaje? Mimi ningefanyaje? Hivyo hivyo."

Zamda aliokota nywele zilizodondoka mapajani kwake, akazikunja kidoleni.

"Kwa hiyo hanigeukii mimi," alisema Zamda.

Bi Sikudhani akaanza mstari mwingine.

"Miaka sita, mama mdogo. Nikiwa na uchungu wa mtoto wa pili nilijiambia, mama ananiona. Nilipoachwa na baba yao nilikuja pale nikalia, nikaona kidole kimesogea, nikasema ananiambia nyamaza." Sauti yake haikupanda, ilishuka. "Kumbe anaitikia hodi ya jirani."

"Ndiyo."

"Ungeninyima habari hii. Ungenyamaza, kesho ningempata mama, na wewe ungempata shoga yako. Kwa nini umeniambia?"

"Nimejaribu kunyamaza," alisema Bi Sikudhani. "Nimejaribu tangu juzi, nikashindwa hata kula. Mama yako hajaomba kutoka, Zamda. Nikikuacha umfungulie kwa hodi yangu, nitakuwa nimemuua kwa mdomo wangu."

Zamda alikuwa analia sasa, lakini kichwa chake hakikuondoka gotini.

"Na mimi je? Nizeeke nikimtazama?"

"Sikiliza nikwambie jinsi nilivyoelewa mimi, kwa akili yangu ya kusuka. Nani alimkalisha mkekani siku ile?"

"Mimi."

"Nani alimpaka mafuta miguuni, akampakulia?"

"Mimi."

"Basi kule kwake hujafika hata ngazini. Mafuta ya mikono yako hayajakauka miguuni kwake. Wewe unasema umeachwa miaka sita. Yeye mwanawe katoka mlangoni sasa hivi, na bado anasikia kandambili zako. Hajakaa hata kidogo bila wewe. Injinia anasema hakuna mwongo kati ya hayo mawili. Mimi nimeamua kumwamini."

Nyuzi zililetwa. Watu walirudi, wakaona, wakakaa kuchambua nyuzi. Bi Sikudhani akamaliza kichwa.

Zamda alijitazama kwenye kioo kidogo cha ukutani, kulia, kushoto. Akajifuta uso.

"Mtu akiitikia hodi humkatizi," alisema mwishowe. "Mwache amalize. Nitazungumza na hospitali."

*

Ijumaa ile mlango haukufunguliwa. Ilinyesha, mito ikashuka milima ya Uluguru kwa kishindo, umeme wake ukaujaza mtambo nguvu, na Injinia Nakijwa akarudi na kikapu chake alikotoka.

Kisha muda wa huku ukafanya kazi yake, ule wa moto wa kuni. Masika yakaja, yakaenda, yakaja. Lifti ikabadilishwa, mpya nayo ikajifunza tabia za ile ya zamani. Mzee Mloka akapata mkongojo, akautumia zaidi kuonyeshea kuliko kutembelea. Mtoto wa mgongoni akaanza shule. Kila aliyepita koridoni alikitazama kinywa cha Bi Tausi, na ubishi ukahama: sasa hawakubishana anataka nini, walibishana amefikia wapi. Kulikuwa na mama wa ghorofa ya tatu aliyeapa kwamba meno yamechomoza kwa tabasamu, akakataliwa mwaka mzima, halafu wote wakaona. Lilikuwa tabasamu. Lilikuwa njiani likija muda wote, na mtambo ulikuwa umelisoma likiwa mwanzoni.

Bi Sikudhani akaacha kusuka, vidole vilipoanza kukataa. Nyumba yake haikupungua watu. Lakini mchana akishamaliza kuwapakulia wote alishuka na kigoda chake kukaa mbele ya kioo, na hakuleta tena habari. Alikaa tu, kama mtu aliyeshapiga hodi na kusikia mwenyeji anajikohoza ndani.

Siku kinywa kilipofunga, Zamda ndiye aliyekiona. Alikuwa na mvi mbili tatu mbele. Aliita watu, na Katani yote ikashuka, wenye ndoo na wasio na ndoo. Injinia Nakijwa aliletwa, sasa ni mama wa watoto wawili, akaunganisha waya zake ukutani, na mkeka ukatandikwa, maana hata siku kama ile mtu hafanyi kazi wima.

"Ipo yote," alisema Nakijwa. "Haijakatika popote. Nikibonyeza hapa, mtaisikia kama alivyoitamka."

Watu wakasogea. Nyuma ya kioo mvuke wa wali ulikuwa bado umesimama. Labda ulikuwa umepanda kidole kimoja, labda haukupanda.

"Ngoja," alisema Zamda. "Mama mdogo, simama. Piga hodi."

"Mimi? Na sauti hii?"

"Ni hodi yako. Jibu haliwezi kutoka bila hodi."

"Simama, bibie," Mzee Mloka alisema kwa upole ambao hakuna aliyemjua nao. "Tumeila miaka mingi. Hebu leo tuishushie maji."

Bi Sikudhani alisimama. Alivua kandambili zake, kwa mazoea tu, kama afanyavyo mtu kwenye mlango wa mwenzake, akaziweka pembeni, karibu na ule mlango mdogo wa kati. Akavuta khanga begani. Miguu mitupu kwenye sakafu ya baridi, mbele ya uso uliokuwa umemgeukia yeye muda wote huo, alipaza sauti yake ya kizee ikajaa korido.

"Hodi, hodi, shoga!"

Nakijwa akabonyeza.

"Karibu!" Ilikuwa sauti ya mtu mwenye wali mdomoni, changamfu, haina hata vumbi. "Karibu ndani, shoga. Mbona unasimama mlangoni kama mgeni? Njoo tule, wali bado wa moto."